Acha Kikauke

Shangazi Nyanduko hakunipa mche.
Alinipa kipande, shibiri moja tu,
alichokikata kwa kisu cha kumenyea viazi,
utomvu ukichuruzika mweupe
kama maziwa ya mama ambaye mtoto hayupo.

“Usikipande leo. Na usiguse macho.
Kiweke mahali pakavu siku tano.
Ukikizika na kidonda kibichi, kitaoza.”

Nikakifunga kwenye gazeti hadi Kaptembwo,
nikakilaza juu ya friji
kando ya risiti za stima na picha ya Ombati
ambayo sijaamua niitundike au niigeuze.

Chepng’eno wa mlango wa pili akachungulia:
“Hiyo ni nini, fimbo ya mganga?”
Nikamwambia: taji la miiba. Kwao ni Bukini,
kisiwa ninachokijua kwenye ramani ya mtoto,
umbo la unyayo,
kana kwamba mtu alikanyaga bahari mara moja
akaghairi.
“Mgeni,” akasema, kisha akacheka.
“Nani Nakuru hii hakuja na kitu kwenye gazeti?”

Siku ya sita nikakichomeka kwenye mkebe wa rangi,
changarawe tele, udongo kiasi,
nikasahau kukinywesha.
Kumbe ndivyo kipendavyo.
Januari upepo ukatuletea magadi ya ziwani,
ukayapaka kwenye mashuka, kwenye meno.
Sukuma yangu ikajikunja ikafa.
Mbuzi wa ploti akaja kwenye mkebe, akaonja,
akafikiri,
akaenda zake.

Februari, vitu viwili vyekundu nchani.
Nikampigia shangazi: kimechanua!
“Hicho chekundu si ua,” akasema, bila haraka.
“Hayo ni majani yaliyovaa. Ua liko katikati. Inama.”

Nikainama. Miiba ikanidaka sweta.
Nalo lilikuwapo, la njano,
dogo kuliko punje ya wimbi,
halimwiti mtu.

Picha ingali juu ya friji. Nimeipangusa.
Msumari ninao, nyundo nitaazima.

Ijumaa alfajiri Chepng’eno akabisha,
leso begani, viatu vya miguu tofauti.
Hakusema kilichotokea, nami sikumuuliza.
“Nikatie kidogo,” akasema. “Ile ya Bukini.”
Nikaleta kisu cha viazi.
“Siku tano,” nikamwambia, “mahali pakavu.
Na usiguse macho.”

Alikuwa ameshayafikicha tangu usiku.