Baada ya Nne

Mimi ndiye niliyesema nane.
Naliweka wazi mapema, isije ikadhaniwa
nasimulia ushindi wangu.

Darasa la tatu, kijiji cha juu ya Mestia,
theluji imefika kwenye kingo za madirisha,
kila mtoto kaja na gogo lake kwapani
maana jiko la chuma halili ada, hula kuni.
Mwalimu Nargiza akaandika ubaoni
moja, mbili, nne,
kisha kistari kitupu,
kama kiti ambacho mwenyewe hajafika.
"Nani atamkaribisha mgeni?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijatua.
Nane! Kila namba ni mara mbili ya iliyoitangulia:
moja ilijitazama kwenye kioo, ikawa mbili,
mbili ikajitazama, ikawa nne,
nane, kumi na sita, thelathini na mbili,
ningeweza kuendelea hadi kengele,
na nilitaka kuendelea hadi kengele.
Mwalimu akachungulia kitabu cha majibu, akaafiki.
Nikakaa. Benchi bado lilikuwa na joto langu.

Ndipo Tsotne, mtoto wa mpasua kuni,
ambaye saba mara nane humkwaza kila Jumatatu,
akasema polepole, macho yako jikoni:
"Saba."

Tulicheka. Hata Lamara alicheka,
na jino lilikuwa likimliza tangu asubuhi.
Tsotne hakucheka, wala hakununa.
"Siku ya kwanza ya baridi baba huchoma gogo moja.
Ya pili baridi imezidi, anaongeza moja: mawili.
Ya tatu anaongeza mawili: manne.
Ya nne anaongeza matatu."
Akakunja vidole, kimoja kina kovu la shoka.
"Saba.
Baridi haiji mara mbili mara mbili, Mwalimu.
Ingekuja hivyo, msitu ungekwisha kabla ya Krismasi."

Kimya.
Theluji ikaporomoka kutoka paani, puu.
Mwalimu Nargiza akakitazama kitabu,
kitabu nacho kikamtazama.
Niliona midomo yake ikitembea bila sauti:
jumlisha moja, jumlisha mbili, jumlisha tatu.
Akakifunga.
Akaandika saba chini ya nane, hakufuta kitu,
akageuka na kuuliza jambo
ambalo mtihani haujawahi kutuuliza:
"Nani mwingine ana njia?"

Basi darasa likafumka.
Lamara, shavu limevimba, akasema ni tano:
moja, mbili, unaruka tatu,
nne, tano, unaruka sita,
kama anayepita pembeni ya jino bovu.
Beka akasema ni mbili,
kwa sababu aliyepanda mlima lazima ashuke:
moja, mbili, nne, mbili, moja, na nyumbani.
Mwalimu akapiga magoti kwenye mbao za sakafu
kumsikiliza Eteri, ambaye huzungumza kwa kunong'ona,
na alichonong'ona Eteri sikukijua mpaka leo,
ila chaki ilianguka mkononi mwa mwalimu.

Mimi nilikodolea macho nane yangu.
Haikuwa imekosea, na hilo ndilo lililoniuma.
Ilikuwa sahihi,
na haikuwa peke yake.
Nilitafuta tofauti, nikatafuta tofauti ya tofauti,
nikataka kupata kosa dogo ndani ya saba ya Tsotne
kama unavyotafuta kokoto kwenye dengu.
Sikupata.

Hatukujua moto umezimika
mpaka tulipoziona pumzi zetu zikipanda juu ya madaftari,
ya kwangu, ya Beka, ya mwalimu.
Tsotne akainuka bila kutumwa,
akachagua gogo, akapiga magoti, akapuliza
hadi jivu likafumbua jicho jekundu.

Lilikuwa gogo la ngapi siku ile?
Sikuhesabu.
Mimi, niliyekuwa nikihesabu kila kitu.