Mkato na Nukta

Saa moja kasorobo asubuhi, Turku bado giza,
theluji ya Novemba imekuwa uji chini ya viatu.
Nawasha taa za chumba cha picha, nahesabu:
mkanda wa kichwa, blanketi, vizibo vya masikio,
na fomu ya kurasa kumi na moja
ambayo hakuna aisomaye yote.

Tauno Heikkala aliisoma yote.
Kidole chake cha kulia kilipigapiga karatasi
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.
Hajameza vidonge tangu jana usiku, ndivyo tulivyomwagiza:
tunautaka ugonjwa wake mtupu, bila nguo.
"Basi ndio huu," akasema. "Uangalieni vizuri."

Miaka thelathini na minne aliandika bei
katika soko la samaki, kwa chaki, ubaoni;
ukiwa mlangoni uliweza kusoma salmoni ni kiasi gani.
Leo nampa kalamu: andika sentensi, yoyote.
*Samaki wa leo ni wabichi.*
Herufi zilianza kama njegere, zikaishia kama mtama.
Nikazipima kwa rula. Ndiyo kazi yangu, kupima kwa rula.
Milimita nne. Milimita moja na nusu.

Dawa ya mionzi huja ndani ya mkebe wa risasi
na ina haraka zake;
kila baada ya dakika mia na kumi, nusu yake imetoweka.
"Usitikisike," nikamwambia,
neno nililokwisha kuwaambia watu mia mbili wanaotetemeka,
na kila mara ulimi hubaki na ladha ya sarafu.
Akacheka. Akalala.
Usingizini mkono ukatulia wenyewe,
bila kuambiwa na mtu.

Katikati ya ubongo mzima huwaka mikato miwili,
imepeana mgongo, kila mmoja na mkia wake.
Ya Tauno imekatika mikia.
Nukta. Nukta.

Tulihitaji pia watu wenye afya, wa kulinganisha.
Irja, mkewe, alijitolea:
"Nimekalia kiti chenu cha kusubiri mara nne,
heri nilale nifae kitu."
Hakusoma fomu. Alitia sahihi kubwa, akanirudishia kalamu
kabla sijamaliza kueleza.
Nikampa namba: arobaini na mbili.

Mkato wa kushoto, sawa.
Wa kulia, mkia umefifia
kama chaki iliyopitiwa na mkono wa koti.
Nikakagua kipimo cha dawa. Nikakagua kama alijisogeza.
Nikaichakata picha upya, mara tatu,
nikiiomba mashine iwe imekosea.

Mimi si daktari. Sina ruhusa hata ya kukunja uso.
Nikamwandikia Daktari Vuorela:
*Tafadhali tazama 42 haraka.*
Nikafuta "haraka".
Nikairudisha.

Ukumbini Irja alikuwa akimfunga Tauno vifungo vya koti.
"Mmejionea, eti? Mimi ndiye mzima wenu.
Mimi ndiye dereva."
Nikasema asante kwa kuja.
Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua;
hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake
kwa mujibu wa kifungu cha tisa.

Kutoka dirishani, ghorofa ya pili,
niliwaona wakivuka maegesho:
yeye kwa hatua fupi fupi, mkono mfukoni,
Irja akimtangulia kidogo, akigeuka, akimngoja.
Mkono wake wa kushoto ulining'inia tu ubavuni,
haukwenda mbele, haukurudi nyuma.
Labda amebeba mkoba, nikajiambia.
Nikatazama tena.
Mkoba ulikuwa mkono wa kulia.

Nikarudi mezani. Kabla ya saa sita
majina yote yafutwe kwenye picha, zibaki namba.
Nilianza na lake.
Herufi nne tu,
na kidole changu kikakawia juu ya kila moja.