Kabichi ya Ngamiani

Usiku wa tatu maziwa yalishuka kwa mkupuo,
kama mtu kafungua koki akaenda zake.
Mwanakombo halali chali, halali ubavu,
khanga ikimgusa tu anavuta pumzi kwa meno.
"Mafiga," akasema. "Nimebeba mafiga mawili."
Na mtoto, siku saba hazijatimia, hana jina,
anafungua mdomo, anateleza, anapiga yowe,
mamaye naye analia,
mimi nimeshika taa.

Mafiga mawili hayainjiki chungu.
La tatu ni mimi, nikajiambia.
Alfajiri nikampigia nesi wa Bombo.

Mnyonyeshe, msimpumzishe. Kitambaa cha moto kwanza,
mkamue kidogo kwa mkono, taratibu, msiminye.
Akishashiba, baridi. Jani la kabichi linafaa.
Homa ikipanda, pakiwa pekundu, njooni msingoje.
"Kabichi?"
"Kabichi, baba. Usiipike."

Sokoni mzigo wa Lushoto ndiyo kwanza unashushwa,
ungali na umande wa kwao.
"Ya kachumbari?" akauliza Mama Shemdoe.
Nikakohoa. "Ya mgonjwa."
Akanitazama kutoka kandambili hadi kofia,
akakirudisha kichwa nilichochagua,
akanipa kingine, majani mapana, legevu kidogo.
"Wa kwanza?"
"Wa kwanza."
Mia mbili iliyopungua hakunidai.

Umeme umekatika mtaa mzima, friji ya jirani ni kabati.
Mama mkwe hakusema neno:
aliyaosha majani, akayatumbukiza mtungini,
akaufunika kwa kata.

Nikashika beseni. Kitambaa kikatoa mvuke.
Vidole vya Mwanakombo vikaanzia nyuma ya duara jeusi,
vikabonyeza, vikaachia. Hakuna.
Vikabonyeza.
Tone.
Tone jingine, kwenye kifuniko cha chupa ya chai.
Kisha mchirizi mwembamba ukanipata shavuni
na mke wangu, tangu juzi, akacheka.

Titi likalegea kiasi cha mdomo kushika.
Nikasikia kooni mwa mtoto: ngu. Ngu. Kimya. Ngu.
Mama mkwe akaangalia dirishani.

Baadaye majani yalilala kifuani, ya baridi ya mtungi,
chumba kikanukia shamba lililonyeshewa.
Kabla ya adhuhuri yalikuwa yamenyauka.
Nikayatoa, nikaweka mengine,
na kiini kilichobaki, kidogo kama ngumi,
kikapikwa na dagaa jioni.

Nilikula.
Sikumwambia mtu kwamba nilikula polepole.