Hakuna Nafasi

Saa tano asubuhi, Kirumba,
harufu ya dagaa imeingia dukani bila hodi
na kompyuta imegoma kupokea ratiba ya mazishi ya Mzee Mazigo.
Diski imejaa, imeandika. Hakuna nafasi.
Binti wa marehemu amesimama na flashi mkononi,
anataka nakala mia mbili kabla meli ya Nansio haijang'oa saa nane.
Nikamwambia, keti, dada,
kisha nikaona aibu:
kiti cha wageni kimebeba katoni za karatasi tangu Januari.

Nikaanza kupekua.
Mashine yangu ni kama Mabatini, kila aliyepita amejenga,
mwingine juu ya jiwe, mwingine chini ya jiwe,
na hakuna mwenye hati.

Hizi hapa barua za Ng'wandu za kuomba kazi,
kumi na saba, zote za kiwanda kile kile cha minofu:
BARUA YA NGWANDU,
BARUA YA NGWANDU MPYA,
BARUA YA NGWANDU YA MWISHO,
YA MWISHO KABISA,
na ile aliyokuja nayo baada ya Pasaka, YA MWISHO KWELI.
Mlinzi wa geti hata bahasha hafungui.
"Hakuna nafasi," humwambia, akimtazama viatu.
Nikazitia alama zote, kidole juu ya kitufe.

Nikapima uzito wake kwanza.
Kumi na saba kwa pamoja
hazifikii picha moja ya keki ya harusi ya Bwiru.
Ningezifuta zote
nisingepata pa kumlaza marehemu hata usoni.

Basi nikaiambia mashine: panga kwa ukubwa.
Ikafikiri. Feni ikavuma kama kinu cha mahindi.
Juu kabisa likapanda faili moja lisilo na jina, tarakimu tupu,
gigabaiti arobaini na mbili.

Nikalifungua.
Ukumbi wa Nyakato, mwaka juzi, wageni wameshaondoka,
Faustine wangu kasahau kamera mezani, jicho wazi.
Mtu anakunja vitambaa.
Mtu anahesabu chupa za soda, anakosea, anaanza upya.
Bibi harusi anarudi pekupeku,
anaketi peke yake, anakula wali kwa mkono, haraka,
kama aliyenyimwa siku nzima.
Kisha hakuna mtu.
Kisha hakuna mtu kwa muda wa saa nne.

Binti akakohoa.

Ile ya wali, dakika tatu, nikairekodi kwa simu yangu.
Siku moja nitampelekea mwenyewe.
Nyingine nikafuta.
Mstari mwekundu haukutikisika.

Nilikuwa nimesahau, kutia debeni si kutoa taka nje.
Ndivyo tunavyofanya Mwaloni:
tunayasukuma magugu maji yaache mtumbwi wetu,
yakalale kwenye mtumbwi wa jirani,
tunasema ziwa limesafishwa.
Nikalimwaga debe lenyewe.
Una hakika? ikaniuliza.
Huuliza hivyo kila mara, nami kila mara husita,
kama niko mbele ya padre.
Ndiyo.

Mstari ukashuka, ukageuka bluu.
Printa ikajikuna koo, ikamtoa Mzee Mazigo,
mmoja baada ya mwingine, mia mbili,
wote wakitabasamu, wa mwisho mwisho wamepauka kidogo kwa uhaba wa wino.
Saa saba na nusu binti akakimbilia bandarini
karatasi zikiwa bado na joto.

Jioni Ng'wandu akachungulia mlangoni.
"Mama Faustine, kuna nafasi?"
Alimaanisha kiti.
Nikazishusha katoni sakafuni.
"Ipo," nikasema. "Kaa.
Sasa hii ya kumi na nane tuiiteje?"