Chembe Nne za Shaba

Gogo hili la muputu lilifika Katuba kwa baiskeli,
mwaka ule mvua ilipowahi kuliko mshahara.
Lilikuwa liwe makala. Likalowa.
Mama aliliegemeza ukutani, karibu na choo,
akasema, "Litakauka."
Halikukauka. Liliota masikio.

Masikio madogo ya kahawia, kingo nyeupe,
yamepangana kama yanasikiliza mlango wa jirani.
Dada yangu Ngoie akauliza kama huliwa.
Mama hakujibu; alimpokonya kisu.

Mimi ni mwosha vioo wa maabara kule Kasapa.
Umeme ukija, naosha. Ukienda, nasoma dirishani.
Nilimega kipande kama ukucha,
nikakipanda kwenye kisahani cha jeli
niliyoitia ile asidi inayokaza ulimi ukitafuna gome.
Siku ya tatu duara likatokea,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
likatambaa mbele ya uyoga
kama kivuli kilichochoka kumsubiri mwenyewe.

Kumbe hula akiwa nje ya mwili wake.
Meno hana, tumbo hana.
Hutema kimeng'enya, jina lake lakasi,
na ndani ya kila lakasi
(nilirudia ukurasa, nikidhani macho yamenidanganya)
mna shaba.
Chembe nne.

Shaba!
Baba aliifuata chini ya ardhi miaka ishirini na sita,
akapanda na kikohozi na saa ya ukutani isiyotembea.
Bomba la kiwanda lingali limesimama, halitoi kitu,
na kile kilima cheusi cha mabaki kinatutazama hadi leo.
Na huyu, bila kofia, bila taa ya kichwani,
bila karatasi yenye mhuri,
anachimba mti mzima kwa chembe nne.

Wala hagongi. Anabisha hodi.
Fenoli ni ngumi ambazo mti umezikunja
kuilinda sukari yake.
Lakasi inaomba elektroni moja. Moja tu.
Fenoli iliyotoa haitulii tena:
inamshika jirani yeyote, wanasukana, wanageuka weusi,
au inachanika yenyewe, na ngumi inafunguka.
Lakasi inakwenda kwa ya pili.
Ya tatu.
Inazihifadhi kama mama anavyofunga senti kwenye ncha ya kitenge.
Ya nne ikitimia, inazikabidhi zote kwa oksijeni,
na oksijeni inakuwa maji.

Maji.
Hakuna moshi. Hakuna anayekohoa.

Jumapili nilimweleza Baba, pale pale karibu na choo,
kwa sauti kubwa, maana baruti zilimla sikio la kushoto.
Aliliinua gogo kwa mkono mmoja,
mkono ule usioweza siku hizi kufungua chupa.
Lilikuwa jepesi, jeupe ndani, linanyofoka kama muhogo uliolowekwa.

"Shaba hiyo," akasema, "akimaliza, inapelekwa wapi?"
"Haipelekwi, Baba. Inarudi udongoni."
"Udongo wa wapi?"
"Huu."

Alikaa kimya hadi kuku wakapita.
Kisha akalilaza gogo chini, polepole,
upande wenye masikio ukiangalia juu,
akaburuta kiti chake
akakaa kando yake.