Kifungo Kidogo

Mimi ni mkalimani wa mahakama, Tororo.
Vumbi la saruji hunitangulia mezani;
nalifuta kwa kiganja, ndipo nafungua daftari
la lugha isiyo na kabila wala kijiji,
iliyotungwa ili sentensi isiwe na milango miwili.
Kilojban. Alinionjesha Emojong, fundi wa simu,
siku aliyokosa chenji akanilipa kwa maneno.

Kwetu *ku* huanza safari: kula, kulima, kufa.
Kwao *ku* hufunga jina, kama karani afungavyo faili:
ng'ombe ameishia hapa,
kinachofuata si ng'ombe tena.
*Kei* hufunga tendo. *Vau* hufunga sentensi nzima
na kuzima taa.
*Lu* hufungua maneno ya mtu mwingine,
*li'u* huyafunga, yasikumwagikie kinywani.

Alhamisi, kesi ya ndama.
Nyafwono alishika kizimba kwa mikono miwili
akasema kwa Kiadhola, bila kituo:
Obbo alisema ndama ni wangu na mimi nikanyamaza.

Hakimu akainua kalamu.
Wangu, wa nani? Aliyenyamaza, nani?
Ukifunga mapema, Obbo kadai,
na mama huyu kanyamaza kama aliyeridhia.
Ukichelewa, kudai ni kwa Obbo, na kunyamaza pia ni kwake.
Usipofungua kabisa, ndama ni wa Nyafwono
na Obbo mwenyewe ndiye aliyekiri.
Sentensi moja, mazizi matatu,
na ndama yuko nje, kafungwa kwenye mlingoti,
anakula maua ya serikali.

Mama, sema *li'u*, nilitaka kumwambia.
Sema popote, ila sema.

Ile alama katikati ya *li'u* si herufi kamili.
Husomwa kwa pumzi, kama mtu apulizaye chai.
Nikamwomba arudie,
na safari hii sikusikiliza maneno,
nilisikiliza anapovuta hewa.
Obbo alisema ndama ni wangu
hapo. Fupi, kama aliyekanyaga mwiba akaficha.
Na mimi nikanyamaza.

Nikafunga alipofunga yeye.
Ndama akaenda kwa Obbo.

Emojong husema sheria inaruhusu:
pasipo na utata, kifungo huachwa.
Nyumbani tunaviacha vyote. Othieno akisema "mvua",
mimi natoka kuanua nguo.
Lakini mahakamani nani ataacha,
na neno kifungo kwetu lina maana nyingine
inayopimwa kwa miaka?

Jioni nilimkuta langoni, kamba tupu mkononi.
Akanitazama kwa muda mrefu.
Maneno yangu umeyasema sawasawa, akasema,
lakini

akaondoka, akifuata barabara ya reli.
Usiku nikaandika daftarini *lu*,
na maneno yake, yote, mpaka lile lakini.
Kalamu bado iko pale.