Herufi Moja

Mwezi wa saba steshenari yangu ya Kirumba hunuka dagaa.
Silalamiki. Wanaokuja kujaza fomu wanatokea Mwaloni,
wameshika vyeti kwa ncha za vidole
kama mtu aliyetumwa yai la jirani.

Nyanjige alikuja na bahasha ya kaki, mama yake, na ndoo.
Ndoo waliiacha mlangoni.
Mama akaiombea radhi.

Nikafungua ukurasa wa mkopo. Jina la baba:
Luhende, kwenye cheti cha kuzaliwa.
Ruhende, kwenye cheti cha kidato cha nne.
Na kwenye cheti cha kifo, Ruende,
h nayo imezikwa naye.
Kompyuta ikakataa. Ikaandika kwa wekundu
kwamba wanaume hawa watatu hawajuani.

Mama akacheka, mara moja tu, kama aliyebanwa kidole na mlango.
"Alikuwa mmoja. Na huyo mmoja alinitosha."

Kwetu L na R hulala kitanda kimoja tangu zamani;
hakuna aliyewaza kuwatenganisha
mpaka ulipokuja mkopo.

Kiapo kwa wakili, elfu ishirini.
Ada ya maombi, elfu thelathini.
Muhuri wa mtendaji wa mtaa ni bure, ila mtendaji yuko msibani.
Niliandika nyuma ya karatasi iliyoharibika,
mama akazisoma zile tarakimu taratibu,
akazigeuza kuwa madebe,
na madebe akayageuza kuwa siku za jua.
"Mvua isiponyesha," akasema.

Kisha likatokea lile sanduku dogo: Chaguo la Kwanza.

Mjomba wa Igoma alishapiga simu:
udaktari, la sivyo asiombwe hata mia.
Mwalimu wa kemia alisema ualimu, ajira haikosi (ajira
anayoingoja mdogo wake mwenyewe mwaka wa sita).
Binamu alimtumia picha ya chuo chenye geti la vioo;
kwa ada ya muhula mmoja pale
ningeuza printa, na mimi juu yake.

Nimejaza fomu mia nne na kitu.
Ya kwanza kabisa ilikuwa yangu, na aliyechagua ni baba;
mwaka wa pili sikuumaliza.
Ndiyo maana hapo huondoa mikono kwenye kibodi, nikauliza:
wewe unataka kujua nini?
Sikuulizi uwe nani. Kujua nini.

Nyanjige akatazama mlangoni, kwenye ndoo.
"Nataka kujua kwa nini dagaa wa mama huota ukungu siku ya tano,
na wa jirani, jua lile lile, chanja zile zile,
hukaa mwezi."

Mama aligeuka mzima mzima, kiti kikalia.
Nilidhani atamkemea.
"Hata mimi," akasema.

Nikawaambia hilo ni somo. Lina jina: sayansi ya chakula.
Lina chuo Morogoro, na ada
ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa amesimama.
"Chakula nacho kina chuo?"
Kina chuo, mama.
Umeme ukakatika hapo hapo. Muuza juisi akawasha jenereta,
akaturushia waya kupitia dirishani,
na Nyanjige akabonyeza mwenyewe, kwa kidole cha kati,
kwa sababu cha shahada kilikuwa na mwiba wa samaki.

Wakili aliandika: Luhende,
ajulikanaye pia kama Ruhende,
ajulikanaye pia kama Ruende.
Mama akaomba nakala moja zaidi, ya nyumbani.
"Akiwa hai hakuwahi kuandikwa hivi."

Majibu ya mkopo ni mwezi wa kumi. Sijui watampa yote au nusu.
Pesa ya nakala sikuchukua, nao wakaniachia kisado kimoja,
nikakiweka juu ya kabati, karibu na wino.

Leo ni siku ya nne.
Nimekwisha kukifunua mara mbili,
kunusa.